Hodi Ndani ya Bomba

Itangazwe kwa wote wenye vichwa, wawe wamekaa, wamesimama au wamelazwa chali ndani ya bomba: ubongo wa binadamu una sebule. Ipo mbele, nyuma kidogo ya paji la uso, mahali ambapo mwenye nyumba yeyote mwenye akili angeiweka. Mgeni akibisha hodi, taa yake huwaka. Kama ina viti, bado haijajulikana. Ugunduzi huu umefanywa na mwanamke anayeitwa Tulia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutulia.

Jina lenyewe si la kuzaliwa, alilipata kazini. Chumba chake kina dirisha la kioo kinene, na ng'ambo ya kioo kuna mashine kubwa nyeupe, ya mviringo, mfano wa pete iliyodondoka kidoleni mwa jitu. Mtu hulazwa kwenye kitanda chembamba, husukumwa humo kichwa kikitangulia, na mashine, kwa nguvu za sumaku, humpiga picha za ubongo huku ubongo ukifikiri. Hata usipofikiri inapiga. Haibagui, na wasomi kadhaa wakubwa wameshapita humo. Kutwa nzima yeye huinamia kipaza sauti na kubembeleza: "Tulia, baba. Tulia, mama, tunamalizia. Tulia hivyohivyo." Wenzake wakamsikia mpaka jina likamganda. Na huku akiwatuliza waliolala, goti lake linacheza chini ya meza, kalamu inazunguka vidoleni, kiti kinalia kwi, kwi, kwi. Mama yake husema mimba ile hata tumboni ilikuwa inahama vyumba.

Ukitaka kujua kwa nini watu waambiwe watulie, fikiria mtaa. Picha ya ubongo ni mtaa ambao kila nukta ina anwani yake, na mashine inapita kila baada ya sekunde chache kuangalia nyumba ipi imewasha taa. Sasa kichwa kikisogea, hata kwa unene wa ukucha, mtaa mzima umehama na mashine haina habari. Inagonga kwa fundi cherehani, anafungua mchinjaji. Inaandika: ajabu, leo fundi cherehani ana damu mikononi. Hapo ndipo makala za kitaaluma zinapozaliwa.

Kazi ya Tulia ilikuwa kuurudisha mtaa mahali pake. Anachukua picha moja kuwa kielelezo, kisha kila inayofuata anaisukuma, anaigeuza, anaiinamisha mpaka ilingane nayo. Hesabu inafanya kompyuta. Yeye anafanya ugomvi na kompyuta. Mwisho wa ugomvi inabaki mistari sita kwenye skrini: mitatu inasema kichwa kilisogea kwenda wapi, mitatu inasema kiligeukia wapi. Mtu akikohoa, mistari inaruka. Akisinzia, inateremka taratibu kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Tulia aliisoma mistari ile kama wengine wanavyosoma viganja, ila yeye hakuwa akiagua chochote.

Nyumbani, kazi hiyo haikueleweka kabisa. Mama yake alipoulizwa na majirani binti anafanya nini, alijibu kwa fahari, "Ananyoosha vichwa." Wiki haikuisha, jirani mshonaji akatokea na binti zake wawili, kila mmoja na taulo begani.

"Sisi hatutaki ile dawa kali inayochoma," alisema mshonaji. "Tunataka nywele zilale tu."

Tulia hakumlaumu. Ungemwonyesha mtu nini? Kazi yake ilikuwa kuondoa. Akiifanya vizuri, hakuna kinachoonekana. Akiivuruga, dunia nzima inaona. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba angependa, japo mara moja kabla hajazeeka, mkono wake uache kitu badala ya kufuta kitu. Mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Akasema, "Inshallah," bila kufungua macho.

Basi ndipo sebule ikatokea.

Mkubwa wa chumba kile ni Profesa, mtu mrefu ambaye miwani yake huishi juu ya utosi na hutafutwa kila mahali pengine. Alikuwa akichunguza jinsi ubongo unavyopokea maneno mamoja mamoja. Watu walilala bombani na kusikilizishwa: kamba, dirisha, sahani, daraja. Sauti ilikuwa ya Tulia, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo siku ya kurekodi, na maneno yalipomwishia alijitungia. Katika kujitungia, kati ya ndoo na kofia, akatia "hodi". Kwa nini hodi? Hata yeye hajui. Labda kwa sababu wakati ule kuna mtu alikuwa mlangoni.

Picha zilipojumlishwa, sahani haikuwasha kitu cha maana, na daraja vilevile. Lakini kila penye hodi, mbele ya ubongo, taa paa! Nyekundu, nzuri, imekaa ikisubiri kukaribiwa.

"Tulia," Profesa aliita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona swala. "Njoo. Usiguse kitu. Njoo tu."

Wakasimama bega kwa bega wakitazama.

"Hapa ndipo anapopokelewa mgeni," Profesa alisema. "Hii ni sebule. Neno lako, sauti yako, mkono wako. Tutaiita Sebule ya Tulia."

Tulia alisikia joto likimpanda masikioni. Kitu kimeonekana! Profesa akaandika tangazo siku ileile, maana wakubwa wa kituo walikuwa wanakuja kukagua mwisho wa wiki na ilipendeza wakute kitu kinachong'aa. Tulia naye akafanya kosa la kumpigia mama yake simu. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba binti wa fulani, yule wa kunyoosha vichwa, amekuta sebule ndani.

"Ya wote au ya matajiri tu?" aliuliza mshonaji.

"Ya wote," mama alimjibu. "Hata wewe unayo, jirani. Ila yako sijui kama imefagiwa."

Kesho yake asubuhi Tulia alifika kazini kabla ya wote ili akaitazame sebule yake akiwa peke yake. Alipaswa kuitazama kwa mapenzi, lakini mazoea yana taabu, akaitazama kwa jicho la kazi. Akaona ni nyembamba mno. Imejibana ukingoni kabisa mwa ubongo, imejipinda kama mwezi mchanga. Na katika kazi yake, kitu kinachong'aa ukingoni ni kama mtu unayemkuta amekaa juu ya ukuta wa nyumba yako: huenda ana maelezo mazuri, lakini ayatoe kwanza.

Akafungua mistari sita ya mtu wa kwanza. Penye sahani, shwari. Penye daraja, shwari. Penye hodi, mstari mmoja, ule wa kuinua na kuinamisha kidevu, ulijikunja kidogo, kitu cha kupuuzwa. Akafungua wa mtu wa pili. Hodi, mkunjo. Wa tatu, hivyohivyo. Goti lake likaacha kucheza, jambo ambalo kwa mwingine ni sawa na kupiga yowe.

Vichwa vya watu wasiojuana, waliolala siku tofauti, vyote vinasogea mahali pamoja. Kwa nini?

Aliyekuwa na zamu ya kulala asubuhi hiyo ni dereva wa lori, mtu wa mabega mapana ambaye bomba lilimkubali kwa shingo upande. Tulia hakuiwasha mashine, kwa sababu ikiunguruma hata radi haisikiki humo. Alifungua tu maneno yaende masikioni mwa dereva, naye akategea sikio kipaza sauti cha ndani.

Kamba. Kimya. Dirisha. Kimya. Hodi.

"Karibu," ikasema sauti nene, taratibu.

Tulia akamtoa.

"Kaka, umesema kitu huko ndani?"

"Mimi? Sijasema kitu. Si nimekatazwa kusema?"

"Umesema karibu."

"Aa, hiyo!" Dereva alikaa vizuri kitandani. "Hiyo si kusema, dada. Hiyo ni karibu."

"Lakini ulijua ni maneno ya kurekodi."

"Najua. Kwani walioko kwenye rekodi hawana heshima zao? Mtu anapiga hodi, mimi ninyamaze kama mchawi?"

Tulia alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kukohoa. Kosa hilo lisingefanyika kwa lugha ambayo wageni wake wanabonyeza kengele. Unaweza kumfunga mtu kanda kichwani, ukambana mashavu kwa sponji, ukamwapisha asitikisike. Hodi itampitia palepale, na kidevu kitainuka kuitikia.

Alirudi kwenye kompyuta akafanya lile ambalo hufanywa kunyoosha kukishindwa. Aliikabidhi mistari sita na kuiambia: chochote kinachocheza sambamba na hii, kiondoe. Kompyuta ikaondoa. Sebule ikazimika.

Profesa alipofika na kuoneshwa, alikaa.

"Umefukuza panya kwa kuchoma ghala," alisema. "Sawa, kidevu kinainuka penye hodi. Lakini ubongo nao si unaisikia hodi hapohapo? Ukiondoa kila kinachocheza na kidevu, unaondoa na sebule yenyewe, hata kama ni ya kweli."

Na hapo, lazima isemwe, Profesa alikuwa sahihi. Tulia aliliona hilo na likampa matumaini yasiyo na adabu. Ni sawa, alimwambia, na pacha wawili wanaoingia jikoni pamoja, na wakitoka sukari imelambwa. Ukiwafukuza wote sukari itapona, lakini hutajua mlambaji ni nani.

"Basi tuwaingize mmoja mmoja," Tulia alisema.

"Unampata wapi mtu wa kusikia hodi asiitikie?"

Tulia akafikiri kidogo tu. "Ninaye nyumbani."

Mumewe, ambaye ukoo mzima unamwita Gogo, ni mtu mpole, mwenye moyo mzuri, na sifa yake kuu ni kwamba hanyanyuki. Mashemeji husema mwizi akivunja mlango wake atamwomba aurudishie akitoka.

"Mume wangu, nina shida na kichwa chako."

"Chukua," Gogo alisema kutoka kwenye kochi. "Hapa kina kazi gani?"

Wakamwingiza bombani. Mashine ikaunguruma, maneno yakapita, na mistari yake sita ikalala kama kamba za kuanikia zisizo na nguo. Tulia hakuwahi kuona kichwa kama kile. Kwa dakika chache alimpenda mumewe upya. Kisha wakatazama penye hodi. Giza. Si taa, si kijinga cha moto.

"Haithibitishi," Profesa alisema upesi. "Labda mumeo hana sebule."

"Anayo, Profesa. Ndimo anamoishi."

Wakamtoa Gogo, akiwa mchangamfu kama mtu aliyetoka likizo.

"Ulisikia hodi?" mkewe alimuuliza.

"Niliisikia."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri kuna mtu atafungua."

Profesa alitembea mpaka dirishani na kurudi. Mtu mmoja hatoshi, alisema, tena mtu wa namna ile. Lakini kuna pacha wa pili ambaye bado hajaingia jikoni peke yake. Wanahitaji kichwa kisogee pasipo hodi. Mtu alale humo, anyamaze penye hodi hata kama ulimi unamwasha, halafu achague neno lisilo na maana yoyote na kuliitikia.

"Kama sahani," Tulia alisema.

"Sahani ni nzuri. Nani atakubali kuikaribisha sahani?"

Walitazamana. Kwa miaka yote aliyowanyoosha watu vichwa, chake mwenyewe hakijawahi kuingia mle. Akavua hereni, akavua mkanda, akachomoa pini za nywele, akalala.

"Tulia, Tulia," Profesa alisema kwenye kipaza sauti, na haikujulikana lipi jina na ipi amri.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba pua ya binadamu ina akili zake. Ilikuwa haijamwasha tangu asubuhi, na sasa ilikumbuka yote. Goti likataka kucheza, akalikataza. Aliwakumbuka wote aliowaambia watulie na akawaomba radhi kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine. Kisha sauti yake mwenyewe ikaja masikioni, ngeni kidogo, kama ya dada ambaye hakuwahi kuwa naye. Kamba. Dirisha. Hodi.

Ajabu ni hii: alijua ni yeye. Alijua siku ile ya kurekodi, kiti, hata nguo aliyovaa. Na bado "karibu" ikampanda kooni kama kwikwi. Akaikanyaga kwa ulimi. Nani alikuwa anakaribishwa? Mtu anawezaje kujipigia hodi mwenyewe, akajisikia mgeni? Angependa kulifuatilia swali hilo siku nyingine, akiwa amekaa.

Sahani.

Hapo alisita. Maana angeweza kuikaribisha sahani kwa midomo tu, kidevu kikae palepale. Profesa asingejua, ng'ambo ya kioo panaonekana nyayo tu. Mistari ingelala, lakini msomaji wa mistari ni yeye; picha ingetoka nyeusi penye sahani, nao wangesema: mmeona? Kidevu hakina hatia. Sebule ingeishi na jina lake juu ya mlango. Mama yake angekufa, siku hiyo ikifika, akiwa na mtoto aliyevumbua.

Lakini, jamani, angekaaje maisha yake yote bila kujua?

Sahani ikaja tena. Tulia akainua kidevu, akafungua kinywa, akaikaribisha kwa ukarimu wote aliofunzwa kwao.

"Karibu," alisema. Na nyingine ilipokuja, "Karibu sana."

Alipotoka, Profesa alikuwa amekwisha kupanga picha. Penye hodi, giza tupu. Penye sahani, mbele ya ubongo, ukingoni, mwezi mchanga mwekundu unang'aa, uleule, mahali palepale.

Profesa alipapasa mifukoni, mezani, chini ya karatasi. Tulia akamshushia miwani kutoka utosini. Akaivaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe una sebule ya sahani," alisema hatimaye.

"Hiyo itakuwa kabati, Profesa."

Kwanza alicheka yeye, kisha Profesa, kisha wote wawili wakashindwa kuacha, mpaka mtu wa usafi akafungua mlango kuona kama kuna aliyeumia. Kicheko kilipoisha, Tulia aliona kwamba amekaa sakafuni na macho yake yana maji, na si yote yaliyotoka kwenye kicheko. Profesa alilichukua lile tangazo, akalikunja mara nne, akaliingiza chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba kwa muda mrefu.

"Wakubwa nitawaambia mimi," alisema. "Tutalitoa hilo neno, turudie upya. Wakubwa wamezoea. Lakini mama yako utamfanyaje?"

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Tulia akaenda kwao pamoja na Gogo. Alikuta sebule, ile yenye kuta nne, imeondolewa kila kitu cha aibu. Viti vimeazimwa nyumba tatu, na kwenye ukuta picha ya Tulia akiwa darasa la kwanza imefutwa vumbi. Majirani walijaa mpaka mlangoni kwa ajili ya kumsikia mvumbuzi. Gogo akapata kochi kwa njia anazozijua mwenyewe.

"Mama, naomba tuongee kidogo huko ndani," Tulia alinong'ona.

"Utaongea hapahapa, mwanangu. Watu wameacha shughuli zao."

"Ndiyo maana nataka tuongee huko ndani."

"Kaa. Na hilo goti lako likae."

Mama alisimama katikati ya chumba na kufungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno, mlangoni pakasikika sauti.

"Hodi!"

Alikuwa mshonaji, amechelewa, na kiti chake kichwani.

"Karibu!" chumba kizima kikaitika, na Tulia akaona kitu ambacho amekitazama maisha yake yote bila kukiona. Videvu vyote viliinuka pamoja, kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha, vikashuka. Cha mama. Cha wazee pale ukutani. Cha mtoto mchanga mgongoni mwa mtu, ambaye hata kusema hajui. Na chake mwenyewe. Alihisi shingo ikikiinua, akaiacha ikiinue. Gogo peke yake alibaki kama alivyoumbwa.

"Haya, jirani, kaa usikie," mama alisema. Akamshika bintiye mkono na kumsimamisha. "Mtaa mzima umesubiri wiki nzima. Waambie mwenyewe, mwanangu, kwa kinywa chako. Hicho kinachowaka ndani ya vichwa vya watu wakipigiwa hodi, umekikuta ni nini?"

"Shingo," alisema Tulia.